Marini na Arinoti: Watu wa Beni katika Mji wa Dar es Salaam

Mwenye kulisikia neno beni leo katika Unguja, linalomjia kwanza ni kicheko. Humjia Mbwa Kachoka au Beni ya Kingi, tarumbeta na ngoma barabarani, arusi inapita, wanaume wamevaa mavazi ya vituko na watoto wanakimbia nyuma yao. Kicheko hicho kina ukoo mrefu, na si wa kicheko kitupu. Karibu na miaka ya Vita Kuu ya Kwanza beni ilikuwa jambo zito katika mji wa Dar es Salaam. Kulikuwa na watu waliotoa sehemu ya mshahara wao, na wakati mwingine mshahara mzima, ili wapate koti lenye vifungo vya shaba na cheo cha ujenerali ambacho hakuna serikali iliyokitambua. Wenyewe walikitambua, na hilo liliwatosha.

Neno limetokana na Kiingereza, band, na mchezo wenyewe ulizaliwa pwani ya kaskazini, Mombasa na Lamu, katika miaka ya 1890. Haukuzaliwa mahali patupu. Miji ya Waswahili ilikuwa na mashindano yake tangu zamani: Lamu imegawanyika Mkomani na Langoni, Mombasa ina Tisa Taifa na Tatu Taifa, na kila upande ulikuwa na ngoma, malenga na wafadhili wake, na hesabu ndefu ya nani alimshinda nani na lini. Ndipo vikaja vyombo vipya. Watu waliisikia bendi ya Sultani wa Zanzibar, iliyokuwa na wapigaji wa Kigoa. Wakazisikia bendi za manowari. Wakawatazama askari wa Kizungu wakifanya gwaride. Wakavichukua vitu hivyo wakavitia ndani ya mashindano yao. Mombasa ikawa na Kingi, na dhidi yake ikasimama Skochi, iliyojivisha mavazi ya Waskoti.

Wazungu wengi walioiona beni waliiita kuiga. Baadhi walifurahi, wakidhani wanasifiwa. Wengine walikasirika, wakidhani wanachezwa shere. Wote hawakuona vizuri. Mwenye kuiga hukichukua kitu kama kilivyo. Watu wa beni walikifumua. Gwaride la jeshi lina amri moja na mkubwa mmoja anayeteuliwa kutoka juu; wao walilichukua gwaride wakaacha uteuzi, wakachaguana wenyewe. Bendi ya jeshi haina shairi. Wao walilitia shairi, tena wakalifanya ndilo roho ya mambo. Jeshi la wakati ule halikuwa na nafasi ya mwanamke. Beni ilikuwa na malkia na wake wenye vyeo.

Kazi ya namna hiyo haijakoma, ila vyombo vimebadilika. Wako vijana wa Tanzania ambao huifungua gemu ya mpira iliyotengenezwa Japani, wakaitoa jezi ya Ulaya na kuweka ya Simba au Yanga, wakabadilisha majina ya wachezaji, kisha wakagawiana waliyoyafanya na wenzao wasiowajua kwa sura. Anayewatazama kwa nje aghalabu huona upotezaji wa wakati. Mtaani wataambiwa wamechakachua, nalo ni neno la lawama. Babu zao wa beni waliambiwa wameiga. Majina ni mawili, lakini kisichoonekana ni kile kile: ufundi wa mtu asiyelipwa, juu ya kitu ambacho hakukitengeneza, kwa ajili ya heshima atakayopewa na wenzake tu.

Dar es Salaam ulikuwa mji mkuu wa Wajerumani tangu 1891. Ulikuwa mji wa wageni kwa wageni: askari kutoka mbali, makarani waliosomeshwa katika shule za serikali, mabaharia, makuli wa bandarini, watumishi wa majumbani, pamoja na Wazaramo na watu wa pwani ambao ndio waliojiona wenye mji. Katika mji wa namna hiyo mtu hana mjomba wa kumsimamia. Hapo ndipo beni ilipogawanyika pande mbili ambazo majina yao yalienea nchi nzima, Marini na Arinoti. Marini lilitokana na askari wa majini na manowari zao, na kwa jumla upande huo ulivuta makarani, askari wenye vyeo na watu waliojihesabu waungwana wa pwani. Arinoti ulivuta zaidi watu wa chini na waliotoka bara. Mpaka huo haukuwa ukuta, na ilitofautiana mji kwa mji, lakini wenyewe waliujua, na nyimbo zao zilihakikisha kwamba haukusahauliwa.

Kila upande ulikuwa na safu yake ya vyeo tangu mfalme, kupitia majenerali na makanali, hata daktari. Chini ya Wajerumani vyeo vilichukua rangi ya Kijerumani, na alipokuja Mwingereza vikabadilika lugha kwa siku chache tu. Wako waliocheka wepesi huo. Lakini utazame vizuri: cheo kilipewa kwa kazi. Aliyejua kupanga gwaride alipanda, aliyetoa fedha ya sare alipanda, aliyeshughulika na mgonjwa alipanda, na malenga aliyemnyamazisha adui alipanda kuliko wote. Karani aliyesimama mchana kutwa mbele ya meza ya Mzungu akiitwa kwa jina moja, jioni alisalimiwa na watu mia kwa cheo alichokichuma. Hilo si jambo la kuchekwa haraka.

Wapenzi wa ushairi watauliza juu ya nyimbo. Beni haikuja na namna mpya ya kutunga. Ilizikuta namna zilizokuwapo katika ngoma za pwani ikazitumia. Wimbo ulikuwa mfupi, wa kushikika kwa kusikiwa mara moja, kwani ulitakiwa kuimbwa na umati unaotembea. Mwendo wa mguu ndio uliokuwa mizani yake, na hili ni jambo la kuzingatiwa na kila anayehesabu mizani kwa kalamu. Maneno yalikuwa ya mafumbo na vijembe: upande mmoja umtaje mwenziwe bila ya kumtaja, umkumbushe deni, asili, au siku aliyoshindwa; upande wa pili urudi na jawabu, na jawabu lisichelewe. Jawabu lililochelewa ni kushindwa. Wala hakukuwa na hakimu. Mshindi alijulikana kesho yake, kwa wimbo uliosikiwa visimani na sokoni ukiimbwa na watu wasiohusika.

Ndipo vita vikaja. Mwaka 1914 Waingereza na Wajerumani walianza kupigana Afrika ya Mashariki, na tarehe 4 Septemba 1916 Dar es Salaam ukaangukia mikononi mwa Waingereza. Jeshi lao lilitembea kwa mabega ya wapagazi, na kikosi cha wapagazi hao kikiitwa Carrier Corps. Katika mtaa wa Waafrika wa Dar es Salaam, penye jengo ambalo Wajerumani walikuwa wamelijenga kabla ya vita, ndipo kikosi hicho kilipokaa. Ulimi wa wenyeji ukaligeuza jina likawa Kariakoo, na jengo likaja kuwa soko. Makumi ya maelfu ya wapagazi walikufa katika vita hivyo, wengi kwa maradhi na njaa kuliko kwa risasi. Anayenunua vitambaa Kariakoo leo hutamka jina la kikosi chao pasi na kujua.

Pale ambapo ilitarajiwa kwamba vita vitaiua beni, vita viliieneza. Askari wa Mwingereza na askari wa Mjerumani, mateka na wapagazi, walikaa pamoja makambini, na waliporudi makwao walibeba mchezo huo kama walivyobeba mablanketi yao. Ulifika Tabora na Kigoma, ukavuka hata Kongo, ukashuka Nyasa na Rhodesia ya Kaskazini. Kule Nyasa, ambayo sasa ni Malawi, hapakuwa na tarumbeta za shaba za kutosha. Watu wakachukua vibuyu, wakatoboa tundu, wakaliziba kwa utando wa buibui, na kibuyu kikatoa sauti ya bendi nzima. Ngoma hiyo ikaitwa malipenga, na nduguye mganda, nazo zinachezwa hadi leo. Kati ya habari zote za beni, hii ya kibuyu na utando wa buibui ndiyo inayolivunja kabisa neno kuiga.

Kuenea huko kulikuwa na mpango wake. Matawi ya Marini ya mji mmoja yaliandikiana barua na ya mji mwingine, na Arinoti vivyo hivyo. Karani aliyehamishwa kutoka Dar es Salaam kwenda Tabora hakufika ugenini; alifika kwa wenzake, ambao pengine walikuwa na habari zake kabla ya yeye kushuka kwenye gari la moshi. Alipewa pa kulala. Akiugua alitazamwa, akifa alizikwa kwa heshima ya cheo chake. Serikali iliwalipa watu hawa kwa kazi za mchana, ama hii ya jioni hakuna aliyewalipa. Wao ndio waliotoa. Hivyo ndivyo watu wasiopata kuonana walivyokuwa jamaa moja, kwa barua, kwa nyimbo zilizosafiri na kwa kanuni za mchezo ambazo kila mmoja alizijua.

Waingereza, walipoishika nchi, hawakupendezwa. Mara baada ya vita maofisa wao waliingiwa na hofu: watu weusi wenye sare, vyeo vya kijeshi, matawi katika kila mji na barua zinazokwenda huku na huko, hawawezi kuwa wanacheza tu. Wakashuku njama, tena wengine wakashuku njama ya Kiislamu ya dunia nzima. Wakapeleleza. Walichokikuta ni ngoma, karamu, madeni na mazishi. Hofu hiyo ilirudi mahali pengine: mwaka 1935, walipogoma wafanyakazi wa migodi ya shaba ya Rhodesia ya Kaskazini, tume ya uchunguzi iliitazama mbeni, kama walivyoiita huko, ikitaka kujua kama ndiyo iliyouendesha mgomo. Ni haki kusema kwamba maofisa hao walikosea juu ya njama lakini hawakukosea juu ya nguvu. Watu wanaoweza kupanga gwaride la mamia bila ya kuamriwa wanaweza kupanga mengine.

Lawama hazikutoka kwa Wazungu peke yao. Wapo masheikh walioona ni upuuzi na israfu, na hawakukosa hoja. Mashindano yalidai karamu, na karamu ya leo ilidai kubwa kuliko ya jana. Watu waliuza mali. Wake nao walikuwa na mashindano yao ya lelemama, na kule Mombasa vyama vyao, Ibinaal Watan na Banu Saad, vilishindana kwa sare, kwa nyimbo na kwa gharama mpaka majumba yakaonja taabu. Mwenye kuisimulia beni kwa sifa tupu hana budi azisome na daftari za wenye maduka waliokopesha vitambaa.

Katika miaka ya 1930 nguvu za beni zilianza kupungua Dar es Salaam. Vijana wa mjini walitaka dansi, la watu wawili wawili ndani ya ukumbi, na mwaka 1932 ikaanzishwa Dar es Salaam Jazz Band. Gitaa likaja likaipokea nafasi ya tarumbeta. Wakati huo huo watu waliotaka mambo makubwa zaidi walikwishapata mahali pengine: mwaka 1929 ilianzishwa African Association, Cecil Matola akiwa rais wake wa mwanzo na Kleist Sykes katibu, na nyumba yake ikajengwa New Street, ambayo sasa ni Mtaa wa Lumumba, ukingoni mwa Kariakoo. Ndani ya nyumba hiyo, tarehe 7 Julai 1954, chama kilichorithi mali na watu wake kikageuzwa kuwa TANU. Kuna wanaovuta mstari mmoja ulionyooka kutoka kwa majenerali wa Marini hadi kwa wapigania uhuru. Mstari huo umenyooka kupita kiasi. Linaloweza kusemwa kwa yakini ni dogo zaidi: makarani na askari wa mji ule walikuwa wamekwisha kujizoeza, kwa miaka mingi na kwa fedha zao wenyewe, kuchagua viongozi, kutunza daftari, kuandikiana na matawi na kumzika mwenzao asiye na ndugu.

Beni imepata kuandikwa. Kitabu cha Terence Ranger cha mwaka 1975 ndicho kilichoirudisha kwa wasomi. Lakini mengi ya yanayojulikana juu ya Marini na Arinoti yametoka katika ripoti za maofisa waliokuwa wakitafuta uasi, wakaandika idadi ya watu, sare na vyeo. Nyimbo hawakuziona kuwa na maana ya kunakiliwa zote, na waliozitunga hawakuziandika, kwa kuwa zilikuwa ni za jioni ile na za adui yule. Sare zilipangwa kwa uzi na zikachakaa kwa uzi. Walichobakiza wazee wa mitaa ya Kariakoo ni kipande hapa na kipande pale, mkarara bila ya ubeti, kijembe ambacho aliyekusudiwa hajulikani tena.

Unguja tarumbeta zingali zinalia, na arusi ikipita watoto wangali wanaikimbilia. Mpigaji wa mbele huvaa kofia ya ofisa, upande upande.