Parokia ya Bagamoyo na Makanisa Yake Mawili

Mgeni aingiaye Bagamoyo, akaipita mitaa ya mji wa kale yenye milango ya nakshi na kuta za matumbawe zilizobambuka chokaa, kisha akashika njia ya kaskazini, hujikuta katika barabara ya miembe mikongwe iliyopandwa na watu wa misheni mnamo mwaka 1871, na mwisho wa kivuli hicho hukuta makanisa mawili: la kwanza ambalo ushahidi wake mkubwa ni mnara, na la pili, kubwa kuliko haja ya mji wenyewe, ambalo lingali na waumini wake. Ni ada ya waongozaji wa wageni kuanza na mnara, kwa kuwa umepewa jina la mtu mashuhuri. Lakini mimi naona tarikhi ya parokia hii imo zaidi katika jambo ambalo wageni hawaliulizi, yaani sababu ya kanisa dogo kujengwa zama Bagamoyo ilipokuwa mlango wa bara zima, na kanisa kubwa kuja wakati mlango huo umekwisha kufungwa.

Asili ya mambo haya ilikuwa Unguja. Mwezi wa Desemba 1860 padre mmoja Mfaransa, Armand Fava, aliwasili huko kutoka kisiwa cha Réunion pamoja na mapadre wenziwe na masista, wakafungua hospitali na mahali pa kufundishia kazi za mikono. Na baada ya muda si mrefu kazi hiyo ikakabidhiwa Shirika la Roho Mtakatifu, likiongozwa huko na Padre Antoine Horner, aliyefika mwaka 1863. Horner alikuwa mtu wa ardhi na kilimo, na kisiwani ardhi ya kumtosha haikupatikana, ilhali watoto waliokombolewa utumwani walizidi kila mwaka. Basi akaelekeza macho ng'ambo, Mrima, kwenye bandari ile ambayo misafara ya Wanyamwezi ilikuwa ikishukia na pembe za ndovu baada ya safari ya miezi. Idhini ya Sultani Majid bin Said ikapatikana, na mwezi wa Machi 1868 wamisionari wakaanza maskani yao nje kidogo ya mji, wakausimika msalaba karibu na pwani.

Yafaa kukumbuka kwamba waliwafikia watu wenye dini yao, wenye misikiti, vyuo vya Kurani na wanavyuoni, na kwamba hawakukaa hapo kwa nguvu ya silaha, maana silaha hawakuwa nazo. Watu wa Bagamoyo waliwaacha wakae. Nao mapadre, ambao katika mambo haya walikuwa na busara kuliko wengi waliowafuata, hawakujishughulisha sana na kuwageuza Waislamu wa mji, bali waliishi nao kwa ujirani wa salamu, dawa na biashara, wakaweka nguvu zao zote katika kijiji chao wenyewe, ambacho hadi leo wenyeji wa misheni hukiita Kijiji cha Uhuru.

Jina hilo ni zuri, lakini mwandishi wa tarikhi hana budi kulipima. Watoto walinunuliwa katika soko la watumwa la Unguja kwa fedha za sadaka, nyingi zikiwa zimechangwa na watoto wa Ulaya kwa njia ya shirika la Utoto Mtakatifu. Wakabatizwa, wakafundishwa kusoma, useremala, uashi, uhunzi na kilimo. Na walipokuwa watu wazima wakaozwa wao kwa wao, wakapewa nyumba na kipande cha shamba. Bila shaka hali hiyo ilikuwa na heri kubwa kuliko kupakiwa jahazini kupelekwa Arabuni. Hata hivyo aliyekombolewa hakuulizwa anataka kwenda wapi, na maisha yake tangu alfajiri hata usiku yalitawaliwa na kengele, sala na zamu za kazi. Wako waliotoroka, na mapadre wenyewe waliyaandika hayo katika barua zao kwa masikitiko. Minazi, mashamba ya vanila na kuta za majengo yote tunayoyasifu leo ni jasho la watu hao, ambao majina yao hayakuandikwa juu ya jiwe lolote la msingi.

Miaka ya mwanzo ilikuwa ya misiba iliyofuatana. Mwaka 1870 Ufaransa ikaingia vitani na Prussia, na misaada iliyokuwa ikitoka huko ikapungua. Kisha mwezi wa Aprili 1872 tufani kuu, ile iliyoing'oa mikarafuu ya Unguja na kuvivunja vyombo bandarini, ikaipiga na pwani ya Bagamoyo, ikayaangusha majengo ya misheni takriban yote. Fauka ya hayo homa haikupumzika. Atembeaye katika makaburi ya misheni, akazisoma tarehe zilizochorwa juu ya misalaba, huona kwamba wengi wa wamisionari waliolala pale walikufa vijana, na baadhi yao kabla hawajapata wasaa wa kuijua lugha ya watu waliokuja kuwahubiria. Walijenga tena, safari hii kwa mawe na chokaa, na masalio ya juhudi hiyo ni mnara wa kanisa la kwanza pamoja na nyumba ya mapadre yenye ghorofa na matao, ambayo kwa miaka mingi ilisimama gofu kabla haijakumbukwa.

Mnara ule ndio unaoitwa Mnara wa Livingstone, ingawa Livingstone alipokuwa hai hakuutia mguu wake. Alikufa tarehe 1 Mei 1873 katika kijiji cha Chitambo, katika nchi inayoitwa Zambia leo; na watumishi wake, wakiongozwa na Chuma na Susi, wakauzika moyo wake chini ya mti, wakaukausha mwili kwa chumvi na jua, wakaufunga katika magome ya mti na turubai, kisha wakaubeba katika safari iliyochukua miezi tisa hivi, wakipita katika nchi ambazo maiti ya mgeni ilikuwa nuksi na sababu ya vita. Mwezi wa Februari 1874 wakawasili Bagamoyo, na mzigo wao ukawekwa katika kanisa la misheni kabla ya kuvushwa Unguja. Ndipo Mskoti wa madhehebu ya Kiprotestanti akapokewa kwa taadhima na mapadre wa Kikatoliki wa Kifaransa, katika mji wa Kiislamu. Mwili ulipopelekwa Uingereza, aliyeufuata chomboni alikuwa mwenzao Jacob Wainwright. Chuma na Susi waliachwa nyuma, na mwezi wa Aprili, Livingstone alipozikwa Westminster, hawakuwako. Kama mnara ule ungepewa jina kwa haki, naona jina lao lingetangulia.

Karibu na hapo pana mbuyu unaoonyeshwa kila mgeni, nao una kipande cha mnyororo wa chuma kilichozama katika gome. Hekaya yasema kwamba bibi mmoja Mfaransa, Madame Chevalier, aliyekuwa akihudumia wagonjwa, alimfungia punda wake hapo; mti ukanenepa, mnyororo ukabaki, na sasa pete chache tu ndizo zionekanazo, zimebanwa na gome kama pete ya ndoa katika kidole cha mzee.

Mtihani mkubwa wa ujirani wa misheni na mji ulikuja mwaka 1888, Wajerumani wa Kampuni ya Afrika Mashariki walipojaribu kuitwaa pwani, na Abushiri bin Salim akaongoza watu kuwapinga. Bagamoyo ikapigwa mizinga kutoka baharini, nyumba zikateketea, na watu wakakimbilia misheni kwa umati, Waislamu na wasio Waislamu, wakalala chini ya miembe na katika vibanda. Abushiri, ambaye hakuwa na sababu ya kumpenda Mzungu yeyote, aliiheshimu misheni, na Padre Etienne Baur aliweza kusema na pande zote mbili. Mwezi wa Desemba 1889 Abushiri akanyongwa Pangani. Misheni ikabaki salama, lakini tangu hapo bendera iliyokuwa juu yake ilikuwa ya Kijerumani.

Wakati huo Bagamoyo ilikuwa imekwisha kuzaa misheni nyingine, Mhonda mwaka 1877, Mandera, Morogoro, hata Kilema katika Kilimanjaro mwaka 1890, na ilikuwa imemlea Padre Charles Sacleux, aliyekaa Unguja na Bagamoyo kwa takriban miaka ishirini akikusanya mimea na maneno, na ambaye kamusi yake ya Kiswahili na Kifaransa, iliyoanza kutoka mwaka 1939 akiwa mkongwe, ingali rejeo la yeyote atafutaye lahaja za pwani yetu. Hayo yote yalitendeka chini ya kivuli cha kanisa dogo.

Kisha neema ya mji ikaondoka. Mwaka 1891 Wajerumani wakayahamishia makao ya serikali Dar es Salaam, yenye bandari ya kina, kwani Bagamoyo maji yake ni machache na vyombo vikubwa hulazimika kutia nanga mbali. Na mwaka 1905 reli ikaanza kujengwa kutoka Dar es Salaam kuelekea bara. Kila stesheni iliyofunguliwa iliwapunguza wapagazi walioshuka Bagamoyo. Lakini Kanisa huhesabu miaka kwa kalenda nyingine: mwaka 1906 Bagamoyo ikafanywa makao ya vikarieti yenye jina lake, chini ya Askofu François-Xavier Vogt, na eneo lake likaenea mbali bara. Askofu mwenye nchi kubwa namna ile alihitaji kanisa la hadhi yake, na mwaka 1910 msingi wa kanisa jipya ukachimbwa. Likamalizika mwaka 1914, mwaka uleule reli ilipofika Kigoma na vita vikuu vilipoanza. Na mwezi wa Agosti 1916 manowari za Kiingereza zikaupiga mji na kuuteka.

Uongozi wa Kanisa nao haukukaa. Makao yakaelekea Morogoro, penye reli na watu, na mwaka 1953 vikarieti ikageuka kuwa jimbo la Morogoro, Bagamoyo ikabaki parokia ya mji mdogo wenye kanisa la kiaskofu lisilo na askofu. Nyumba ya zamani ya masista ikafanywa makumbusho. Mwaka 2018 maelfu wakakusanyika kuadhimisha miaka 150 ya uinjilishaji, na tarehe 7 Machi 2025 Papa Fransisko akaunda jimbo la Bagamoyo, likapata askofu wake. Mama wa majimbo mengi ya bara amekuwa jimbo baada ya wanawe na wajukuu wake, miaka 157 tangu msalaba wa Horner usimikwe.