Goma: Namna intaneti ilivyoingia majumbani

Nyumba nyingi za Goma hazikuwahi kuwa na waya wa simu. Kwa hiyo historia ya intaneti mjini hapa haifanani na ile ya Ulaya, ambako modemu ya kwanza ilichomekwa kwenye simu ya mezani. Nyaya za posta ya serikali zilikuwa zimeharibika tangu wakati wa Zaire, hakuna aliyezitegemea. Hapa intaneti ilianzia angani.

Miaka ya 2000 ilipoanza, sahani kubwa nyeupe za VSAT zilionekana juu ya ofisi za mashirika na za MONUC. Satelaiti zake zilikaa karibu kilometa 36,000 juu ya dunia. Neno moja lilisafiri zaidi ya kilometa 70,000, kupanda na kushuka, kabla ya kufika Brussels. Ndiyo maana watu wawili walioongea walikatizana maneno kila mara. Raia wa kawaida hakuweza kununua sahani kama hiyo. Alikwenda sibakafe na kulipa kwa dakika.

Tarehe 17 Januari 2002 lava ya Nyiragongo iliingia katikati ya mji, na maelfu ya wakaaji wakakimbilia Gisenyi na Sake. Mzazi aliyempoteza mtoto njiani alitegemea redio na Msalaba Mwekundu. Simu ya mkono ilikuwa bado ya wachache, na intaneti nyumbani haikuwako.

Kilichobadilisha mambo ni minara ya simu. Kuanzia 2012 kampuni zilileta 3G, na 4G ikafuata 2018. Modemu ikawa kitu cha kushika kiganjani: kwanza ile ndogo ya kuchomeka kwenye kompyuta, kisha kisanduku cha wifi chenye betri. Betri ile si jambo dogo kwa mji unaolala gizani mara kwa mara. Mmoja ananunua mega, majirani wa uwanja mzima wanaomba neno la siri. Na siku ya kukimbia, kisanduku kinaingia mfukoni.

Lakini minara yenyewe inahitaji njia ya kutoka. Kongo ilianza kutumia kebo ya baharini ya WACS mwaka 2013, huko Muanda, karibu kilometa 1,900 kutoka Goma kwa njia ya ndege. Mombasa, ambako kebo za SEACOM na TEAMS zilifika 2009, ni karibu kilometa 1,200. Tena Rwanda ilikuwa imekwisha kutandaza nyuzi zake nchini kote. Kwa Goma, mlango wa karibu ulikuwa Gisenyi.

Wakaaji walilielewa hilo vizuri tarehe 31 Desemba 2018, siku moja baada ya uchaguzi, serikali ilipokata intaneti nchini kote kwa karibu siku ishirini. Waliokaa karibu na mpaka walitia kadi ya Rwanda kwenye simu. Wengine walivuka kwenda kusoma ujumbe, kisha wakarudi. Aliyekaa Mugunga, mbali na mpaka, alikosa yote mawili.

Mwishoni mwa Mei 2021, baada ya Nyiragongo kulipuka tena na wakaaji kuamriwa kuhama, wengi walitafutana kwa WhatsApp. Januari 2025, M23 ilipoingia mjini, umeme, maji na intaneti vilikatika pamoja. Familia zilizotawanyika zilikaa siku kadhaa bila kujua nani yuko hai.

Sahani ndogo za Starlink, ambazo satelaiti zake zilikuwa karibu kilometa 550 tu juu, zilikuwa zimepigwa marufuku na ARPTC mwezi Machi 2024. Leseni ilitoka Mei 2025. Wakati huo Goma ilikuwa tayari mikononi mwa AFC/M23, na kambi za Bulengo na Lushagala zilikuwa zimebomolewa tangu Februari. Wengi wa waliokaa humo wamerudi Masisi na Rutshuru, kwenye vijiji ambako mtu hupanda kilima kwanza ndipo apate mtandao wa kupiga simu.