Kutoka Nishati ya Kisasa hadi Nishati Safi: Historia ya Kivumishi Kimoja katika Sheria za Umeme za Tanzania na Jirani Zake

Mtungi wa gesi ya kupikia unaouzwa kwa ruzuku katika kijiji cha Tanzania huitwa nishati safi. Ukivushwa mpaka wa Namanga, mtungi huohuo unakuta sheria inayouweka miongoni mwa mazao ya petroli, mbali na fungu la nishati jadidifu. Gesi haikubadilika njiani. Kilichobadilika ni mahali ambapo kila dola imechora mpaka kati ya nishati inayostahili kuendelezwa na ile inayopaswa kuachwa. Makala haya yanadai kwamba mpaka wa Tanzania ulichorwa kwa kigezo cha usasa, si cha chanzo, na kwamba neno "safi" linalotumika leo limerithi mpaka huo bila kutangaza urithi wake. Suala hili lina uzito wa pekee sasa, kwa kuwa sheria hizo zinapaswa kuandikwa kwa Kiswahili.

Umeme wa umma uliwashwa Dar es Salaam mwaka 1908 chini ya Wajerumani, kwa ajili ya karakana za reli na makazi ya Wazungu. Waingereza waliurithi, na mwaka 1931 wakatunga Sheria ya Umeme iliyokuja kujulikana kama Sura ya 131, huku huduma yenyewe ikikabidhiwa kampuni mbili binafsi: DARESCO na TANESCO. Swali la dola ya kikoloni lilikuwa nani apewe leseni na kwa masharti gani. Katika miaka hiyo ya 1930 TANESCO ilizalisha umeme kwa maporomoko ya Mto Pangani, ikiwauzia wenye mashamba ya mkonge na mji wa Tanga, ilhali kwingineko mitambo ya dizeli ilinguruma. Maji na dizeli vilikuwa sawa mbele ya sera, mradi taa ziwake na bili zilipwe.

Baada ya Uhuru, serikali ilinunua hisa za kampuni hizo mwaka 1964, na kufikia mwaka 1975 ilikuwa mmiliki pekee wa TANESCO. Mmiliki alibadilika, sheria ikabaki. Sura ya 131 ya mkoloni ilipita katika Azimio la Arusha, vita vya Kagera, ruzuku na urekebishaji wa uchumi, ikafutwa rasmi na Sheria ya Umeme ya mwaka 2008. Nchi iliyobadilisha majina ya mitaa yake kwa haraka iliishi na sheria hiyo ya umeme kwa miaka 77.

Kilichobadilika kwa kweli katika kipindi hicho ni uhusiano wa taifa na maji. Kidatu, kilichoanza kuzalisha mwaka 1975, na Mtera, kilichofuata mwaka 1988, viliifanya gridi itegemee Bonde la Mto Rufiji. Ukame wa mwaka 1992 na ule wa 1994 ulileta mgao wa umeme, na mwaka 2006 mgao ulirudi kwa ukali. Wakati huohuo gesi ya Songo Songo, iliyogunduliwa mwaka 1974 na kukaa chini ya ardhi miongo mitatu, ilifika Ubungo mwaka 2004. Kwa kizazi kilichotunga sheria za mwanzoni mwa karne hii, maji ndiyo yaliyosaliti na gesi ndiyo iliyookoa. Mchambuzi anayeshangaa kwa nini sheria za wakati ule hazikuibagua gesi na aanze na mabwawa yaliyokauka, kabla ya kuwashuku mawakili au wafadhili.

Katika hali hiyo ilitungwa Sheria ya Nishati Vijijini ya mwaka 2005, iliyoanzisha Wakala na Mfuko wa Nishati Vijijini. Istilahi yake kuu ni nishati ya kisasa. Kwa maana ya sheria hiyo, hii ni nishati itokanayo na petroli, umeme au aina nyingine yoyote yenye njia za soko la kibiashara, yenye joto kubwa kuliko kuni na mabaki ya mimea, na iliyo rahisi kusafirishwa, kuhifadhiwa na kutumiwa. Vigezo vyote hapo ni vya soko na urahisi. Moshi hautajwi, wala hewa, wala uwezo wa chanzo kujirudisha. Petroli imetajwa kwanza. Kinyume cha "kisasa" si "chafu" bali "cha asili", na kwa kigezo cha soko peke yake hata mkaa ungepita, maana ni bidhaa chache zenye njia za soko zilizokomaa kuliko gunia la mkaa liingialo Dar es Salaam. Sheria ya mwaka 2008 nayo ilipoachia wazalishaji wadogo wa chini ya megawati 1 wasihitaji leseni, ilipima ukubwa wa mtambo na si chanzo chake. Tena Mfuko wenyewe ulikuja kulishwa kwa tozo ya mafuta ya petroli, kwa hiyo taa ya kijijini inalipiwa kwa sehemu na lori lipitalo barabarani.

Hapa ndipo mtafiti wa lugha anapata kazi. Miswada hii iliandikwa kwa Kiingereza na kujadiliwa bungeni kwa Kiswahili. Waziri aliwasilisha matini moja, wabunge wakajadili nyingine iliyozaliwa midomoni mwao. Katika hotuba za bajeti za wizara tunakutana na "jadidifu", neno zuri lenye mzizi wa Kiarabu wa upya, na "tungamotaka", lililoundwa kwa ajili ya nishati ya kuni, mkaa na mabaki ya mazao. Hili la pili lina madhara kuliko inavyodhaniwa. Kuni, ambazo zikivunwa kwa kiasi ni nishati jadidifu kwa kila kigezo cha sayansi, zimepewa jina lenye "taka" mwishoni mwake. Kwa hiyo "safi" ilipokuja, kinyume chake kilikuwa kimekwisha kuandaliwa.

Jirani walifuata njia nyingine. Kenya, ambayo Olkaria ilianza kuipa umeme wa mvuke wa ardhini mwaka 1981, ilitunga mwaka 1982 sheria mahususi iliyoweka rasilimali hiyo mikononi mwa serikali. Chanzo kikawa suala la sheria tangu hapo. Sheria ya Kawi ya mwaka 2006 ikafafanua nishati jadidifu kuwa vyanzo vyote visivyo vya kisukuku, ikitaja tungamotaka, mvuke, mitambo midogo ya maji, jua na upepo. Mwaka 2019 Bunge la Kenya lilipitisha sheria mbili, moja ya kawi na nyingine ya petroli, na gesi ya mitungi ikabaki upande wa petroli. Mkenya wa kawaida husema "stima" na wizara husema "kawi", maneno ambayo Mtanzania huyasikia kama ya ugenini, lakini mstari wa kisheria ulio chini yake umenyooka. Uganda kwa upande wake iliunganisha vigezo vyote viwili: sera yake ya mwaka 2007 ililenga kupandisha matumizi ya nishati jadidifu ya kisasa kutoka asilimia 4 hadi asilimia 61 ifikapo mwaka 2017. Bila kivumishi cha pili lengo hilo lisingekuwa na maana, kwa kuwa nchi inayopika kwa kuni tayari inatumia nishati jadidifu kwa wingi.

Mei 2024 Tanzania ilizindua Mkakati wa Taifa wa Matumizi ya Nishati Safi ya Kupikia, unaolenga kufikia asilimia 80 ya wananchi ifikapo mwaka 2034. Kwa jina lake kamili mkakati huu hauna kosa la lugha. Usafi unaokusudiwa ni wa jiko: mapafu ya mama na mtoto, macho yasiyowasha, miti isiyokatwa. Gesi inakidhi usafi huo, na sina shaka kwamba nyumba iliyoacha kuni kwa ajili ya mtungi imepata nafuu ya kweli. Tatizo linaanza pale "ya kupikia" inapodondoka, kama inavyodondoka katika vichwa vya habari na mikutano ya vijiji. Inabaki "nishati safi", na msomaji wa mikataba ya tabianchi huielewa kuwa nishati isiyochafua anga. Usafi wa mapafu na usafi wa anga ni vitu viwili. Gesi ya mtungi inapata alama ya juu katika cha kwanza na haiwezi kudai cha pili.

Fedha hufuata neno. Ruzuku, misamaha ya kodi na mikopo ya tabianchi hugawiwa kwa mafungu yenye majina. Ikiwa fungu la "nishati safi" lina mtungi na paneli ya sola pamoja, mshauri wa bajeti anaweza kutimiza lengo lote kwa mitungi bila kuvunja kifungu chochote. Kisha njia ya kilovolti 400 imekwisha kuunganisha gridi za Kenya na Tanzania kupitia Isinya na Singida, na Bwawa la Julius Nyerere lina uwezo wa megawati 2,115. Umeme unaovuka mpaka utahitaji kuthibitishwa asili yake, ya maji au ya gesi, kwa lugha ambayo pande zote mbili zinaielewa vilevile.

Marekebisho ya mwaka 2021 yalikifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria Tanzania, na sheria za nishati ni miongoni mwa zinazopaswa kupata matini ya Kiswahili. Wafasiri wataikuta istilahi ya mwaka 2005 na watashawishika kuiandika "nishati safi", kwa sababu ndivyo watu wanavyosema leo. Pendekezo la makala haya ni kwamba waiandike "nishati ya kisasa" kama ilivyotungwa, "safi" isiruhusiwe katika kifungu chochote bila "ya kupikia" kuandamana nayo, na "jadidifu" ifafanuliwe kwa chanzo, kuni zilizovunwa kwa mpango zikiwemo. BAKITA na Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki wanaweza kuanza na maneno hayo matatu, kabla rasimu haijafika mezani kwa Mwanasheria Mkuu.