Kazi Ikisimama: Haki za Mfanyakazi, Kutoka Kipande hadi Migodi ya Ngara na Biharamulo

Enzi za Mwingereza, kijana wa Kanazi au kijiji kingine cha Ngara aliyehitaji fedha ya kodi aliifuata mbali. Wahangaza na Washubi wengi walikwenda Buganda kulima pamba na kahawa za watu. Msimu ukiisha, kazi imekwisha, na mwenye shamba hana deni naye.

Kwenye mashamba ya mkonge ya Tanganyika hesabu ilikuwa ya kipande: kadi ya siku 30 za kazi, kila siku ikitiwa alama. Ujira ulitoka kadi ikijaa. Siku ambayo kazi ilisimama haikutiwa alama, wala haikulipwa. Bei ya mkonge ilipoporomoka mwanzoni mwa miaka ya 1930, mashamba yalipunguza watu na ujira.

Uhuru ulibadili mizani. Mwaka 1962 ilitungwa sheria ya kiinua mgongo, na mwaka 1964 ikaja sheria ya usalama wa ajira, iliyounda kamati za wafanyakazi na kumzuia mwajiri kufukuza mtu kwa hasira za asubuhi.

Kisha ikaja migodi, na migodi ina tabia ya kusimama bila kufa. Tulawaka, wilayani Biharamulo, ulianza kutoa dhahabu mwaka 2005. Mwaka 2013 mwekezaji akaondoka na shirika la umma STAMICO likauchukua kupitia kampuni ya STAMIGOLD. Nikeli ya Kabanga, Ngara, imetafitiwa tangu miaka ya 1970, ikapita mikononi mwa kampuni kadhaa. Leseni yake ilifutwa mwaka 2018, na mradi ukafufuka kwa mkataba mpya na serikali Januari 2021.

Funzo kubwa zaidi lilitoka mgodi wa dhahabu wa Bulyanhulu, mkoani Shinyanga. Machi 2017 serikali ilizuia makinikia, yaani mchanga wenye madini, kusafirishwa nje. Septemba kampuni ya Acacia, iliyokuwa na mgodi huo, ikatangaza kupunguza uzalishaji, hatua iliyogusa waajiriwa wapatao 1,200 na watu wa makandarasi wapatao 800. Mgodi haukufungwa kabisa: ulibaki ukitunzwa, na chini ya kampuni ya Barrick uchimbaji wa chini ya ardhi ulirejea mwishoni mwa mwaka 2020.

Je, mfanyakazi wa mgodi uliosimama ni mwajiriwa au si mwajiriwa? Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 imeeleza vizuri kuajiri na kuachisha. Hali ya katikati imeiachia mazungumzo. Masharti yaliyoandikwa yakibadilika, mwajiri lazima ashauriane na mfanyakazi, hivyo kumwambia mtu abaki nyumbani bila mshahara si jambo la kubandikwa ubaoni na kuachwa hapo. Akitaka kupunguza watu, kifungu cha 38 kinamtaka atoe notisi mapema, afichue taarifa, na akae na chama cha wafanyakazi kujadili sababu, njia za kuepusha hatua hiyo, vigezo vya kuchagua watakaoondoka, muda na malipo. Wasipoelewana, shauri huenda Tume ya Usuluhishi na Uamuzi.

Anayeachishwa hulipwa kiinua mgongo cha mshahara wa siku 7 kwa kila mwaka aliomaliza, kwa kikomo cha miaka 10. Aliyeajiriwa Ngara akaachishwa Kahama ana haki ya kurudishwa alikoajiriwa, na posho ya kujikimu wakati akisubiri usafiri. Tangu mwaka 2018 mifuko ya hifadhi ya jamii hutoa pia fao la kukosa ajira: theluthi ya mshahara kwa miezi 6.

Haki hizi zina milango, na milango yenyewe hupimwa kwa muda. Kinga dhidi ya kuachishwa isivyo halali huanza baada ya miezi 6 kwa mwajiri mmoja. Kiinua mgongo kinadai miezi 12 mfululizo. Fao la kukosa ajira linadai michango ya miezi 18. Kambi ya utafiti wa madini inayoajiri vibarua kwa miezi michache, ikasimama, ikaita tena, inaweza kumtumia mtu yuleyule miaka mingi bila yeye kufika mlango wa kiinua mgongo.