Meli Iliyozamishwa kwa Upole



Sisi wa Bariadi na Simiyu nzima tunalifahamu ziwa kwa upande wa Lamadi na Nassa, na zinapotajwa habari za meli kuzama, mioyo yetu hukimbilia MV Bukoba na msiba wa tarehe 21 Mei 1996. Leo twende mbali kidogo, hadi Ziwa Tanganyika, kwenye meli ya mizigo na abiria iliyozama mara mbili na kuopolewa mara mbili.

Graf von Goetzen iliundwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913. Ilifunguliwa vipande vipande, ikafungwa katika makasha yapatayo 5,000, ikavuka bahari hadi Dar es Salaam na kusafirishwa kwa reli kuelekea Kigoma. Huko mafundi watatu, Rüter, Tellmann na Wendt, waliiunga upya pamoja na vibarua wa Kiafrika, ambao simulizi nyingi haziwataji hata kwa jina moja. Iliposhushwa majini Februari 1915, yenye urefu wa mita 71, vita vilikuwa vimekwisha kuwaka, nayo ikafungwa mizinga.

Julai 1916 Wabelgiji waliikaribia Kigoma. Amri ikatoka kwamba meli isianguke mikononi mwa adui. Kuilipua kungalikuwa kazi ya dakika chache. Mafundi wale wale walioiunga walichagua njia nyingine: walizipaka injini grisi nene ili maji yasiguse chuma, wakaipakia mchanga, na tarehe 26 Julai wakaizamisha taratibu karibu na mdomo wa mto Malagarasi. Mtu hapaki grisi kitu asichotarajia kukiona tena. Sisi twaamini walitumaini kurudi, ingawa Ujerumani haikuitawala tena nchi hii.

Wabelgiji waliiopoa na kuivuta hadi Kigoma, lakini mwaka 1920 dhoruba ikaizamisha tena. Tarehe 16 Machi 1924 Waingereza wakaiibua. Miaka karibu minane ilikuwa imepita, na injini zilikutwa zikifaa bado! Hapo ndipo kazi ya grisi ilipoonekana, nayo ilikuwa imewafaa waliokuwa maadui.

Ilirudi kazini tarehe 16 Mei 1927 kwa jina la Liemba, ambalo ni jina la kale la ziwa kwa watu wa kusini mwake. Iliendelea kwa mvuke hadi miaka ya 1970, ilipofungwa injini za dizeli.

Mwaka 1997 ilirudisha Kongo wakimbizi zaidi ya 75,000. Mei 2015 ikaitwa tena, safari hii kwa ajili ya Warundi waliojazana Kagunga, kijiji kilichobanwa kati ya milima na maji. Meli haikuweza kufika ufukweni. Wakimbizi walipelekwa kwa mitumbwi, wakapandishwa na watoto na mafurushi yao, ikawachukua hadi Kigoma.