Mawasiliano ya hospitali na jamii

Mawasiliano ya hospitali na jamii ni kazi ya kuwafikishia wananchi taarifa za hospitali na kuufikishia uongozi wake maoni na malalamiko ya wananchi. Nchini Tanzania kwa kawaida husimamiwa na afisa habari au afisa uhusiano, chini ya mganga mfawidhi.

== Majukumu ==
Afisa huyo hutangaza huduma, gharama na kambi za madaktari bingwa, hujibu waandishi wa habari, hufuatilia sanduku la maoni na hukanusha uvumi wakati wa mlipuko wa ugonjwa kama kipindupindu.

Kazi hiyo huweza kuokoa maisha. Mwaka 1994 watafiti Thaddeus na Maine walieleza kwamba vifo vya uzazi husababishwa na ucheleweshaji wa aina tatu: kuamua kutafuta huduma, kufika kituoni na kuhudumiwa baada ya kufika. Taarifa sahihi hupunguza hasa ule wa kwanza. Malalamiko yanayosikilizwa husaidia kufichua ule wa tatu.

== Katika Ufipa ==
Hospitali ya Rufaa ya Mkoa iliyoko Sumbawanga hupokea wagonjwa wa mkoa wa Rukwa. Mji huo uko kwenye kimo cha mita 1,800 hivi juu ya usawa wa bahari, wakati Ziwa Rukwa liko kwenye mita 800 hivi na Ziwa Tanganyika mita 770 hivi. Kwa hiyo mgonjwa wa mwambao hulazimika kupanda hadi uwandani, na familia ikichelewa kuamua, safari huanza hali ikiwa mbaya tayari. Ndiyo sababu ujumbe hupitishwa pia kwa wahudumu wa afya ngazi ya jamii, wenyeviti wa vijiji na viongozi wa dini, mara nyingine kwa Kifipa.

Imani ya watu kwa tabibu ina historia ndefu katika eneo hilo. Adrian Atiman, mzaliwa wa Mali ya leo aliyewahi kuuzwa utumwani, alisomea udaktari Malta, akawa tabibu na katekista huko Karema kuanzia 1889 hadi alipofariki mwaka 1956. Hospitali ya Dk. Atiman mjini Sumbawanga, ya Jimbo Katoliki, ina jina lake.

== Siri za mgonjwa ==
Taarifa za afya ni nyeti kwa mujibu wa Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Hivyo picha au habari za mgonjwa hazipaswi kutangazwa bila ridhaa yake, hata kama zinaisifu hospitali.