Kihesabu Hakifuriki, Kinarejea

Ndani ya kompyuta kuna kihesabu kinachoongeza moja kila baada ya kitambo kidogo tangu iwashwe. Viendeshi, yaani programu zinazouunganisha mfumo na diski, printa au kadi ya mtandao, hukitazama ili vijue kama kifaa kimechelewa kujibu. Kihesabu cha biti 32 kinachohesabu milisekunde huishia 4,294,967,295, baada ya siku 49 na saa 17 hivi.

Kinachofuata huitwa kufurika. Sikubaliani na jina hilo. Kilichofurika humwagika, na hapa hakuna kinachomwagika. Tazama mita ya maji ya nyumba yoyote hapa Kikuyu, Dodoma: ikishafika 99999 huanza tena 00000. Msoma mita asiyelijua hilo ataona mwenye nyumba amerudisha maji bombani! Kiendeshi kilichoandikwa vibaya hukosea vivyo hivyo: huona muda umerudi nyuma, kikasubiri kifaa kwa wiki saba, au kikaikatiza kazi iliyoanza sasa hivi. Mimi hali hii naiita mrejeo wa kihesabu.

Jina hili linaelekeza kwenye dawa. Anayewaza furiko hutafuta nafasi kubwa zaidi, ilhali vihesabu vingi vimo ndani ya chipu na havipanuliki. Anayewaza mrejeo hutoa tu: namba ya sasa kutoa ya mwanzo, kwa hesabu isiyo na hasi. Jibu huwa sahihi hata sifuri ikishapitwa, mradi muda unaopimwa usizidi mzunguko mmoja.

Windows 95 na 98 ziligandishwa na mrejeo huu, na kasoro ilichelewa kugunduliwa kwa kuwa mashine chache zilikaa siku zote hizo bila kuzimwa. (Kwetu, umeme ukikatika huificha zaidi.) Mwaka 2015 mamlaka ya anga ya Marekani iliagiza Boeing 787 zizimwe umeme mara kwa mara: zikikaa na umeme siku 248 mfululizo, kihesabu kingine kingerejea na vidhibiti vya jenereta vingeweza kujizima vyote kwa pamoja.

Waundaji wa Linux waliamua kukianzisha kihesabu chao dakika 5 tu kabla ya mrejeo, ili kiendeshi kibovu kiumbuke mapema. Wewe unayeandika kiendeshi chako cha kwanza, kijaribu hivyo kabla hujakikabidhi.